Miche ya Machungwa ya Grafti: Mahali pa Kuitoa, Vile ya Kujigraftia na Vile Wasee Huuziwa Limau Wakidhani ni Pixie

Sasa uko zako Pipeline ama Kahawa West, umesevu kadoo kidogo kidogo, ukaamua badala ya hiyo ganji kuishia kwa nyama choma utapanda machungwa ushago. Shosh ako na kaekari pale Makueni hakatumiki. Umeona zile picha za pixie zimening'inia kwa mti mfupi mpaka matawi yanagusa chini. Siku moja uko safarini, unapata jamaa amepanga miche kando ya lami, anakuambia, "Hii ni grafti, boss, miaka miwili unavuna." Unalipa, miche inapakiwa kwa buti ya matatu, inafika ushago, inapandwa.

Mwaka wa kwanza unapita. Wa pili. Wa nne mti ni mrefu kama mlingoti, uko na miiba ya kushona magunia, na haujatoa hata ua moja. Wa saba unatoa tunda. Unalimenya, unalionja. Limau.

Hapo ndio noma ya miti iko. Kuku mbaya utamjua kwa wiki chache. Mahindi mabaya utayajua msimu huo huo. Mchungwa mbaya unakuja kuujua ukiwa ushapata watoto wawili, na jamaa wa kando ya lami alishahama kitambo, siku hizi anauza viatu. Kwa hivyo kabla hujatoa hata soo mbili, shika hizi vitu kwanza.

Grafti ni nini hasa

Mche wa grafti ni miti miwili iliyounganishwa ikawa mmoja. Huku chini kuna mti wenye mizizi ngangari, huku juu kuna mti wenye tunda unalotaka. Wazee wa kilimo huita hiyo kazi kubebesha, lakini ukiingia nasari yoyote Kenya utaskia tu kugrafti. Kwa miti jamii ya machungwa, kinachobebeshwa mara nyingi hata si tawi zima. Ni jicho moja, kale kachipukizi kanakolala kwa kona ya jani na tawi. Jicho moja dogo kuliko punje ya mahindi, na mti mzima utatoka hapo.

Mbona usipande tu mbegu? Kwanza ni mambo ya umri. Mti wa mbegu unazaliwa mtoto, na lazima upitie utoto wake wote kabla uzae. Miaka mitano, saba, wengine zaidi, na huo wakati wote unaota miiba tu. Lakini jicho likitolewa kwa mti mkubwa unaozaa, hilo limetoka kwa mti ulioshabalehe. Halirudi utotoni. Ndiyo maana mche wa grafti huanza kuonyesha matunda mwaka wa pili ama wa tatu tangu uupande.

Pili, machungwa mengine hayana mbegu kabisa. Chukua Washington Navel, lile chungwa kubwa lenye kitovu. Lilitokea Bahia kule Brazil kama tawi lililobadilika lenyewe kwa mchungwa wa kawaida. Mwaka wa 1870 miche yake ilipelekwa Washington, ndiyo ikapata jina, na 1873 michache ikatumwa Riverside, California, kwa mama mmoja anaitwa Eliza Tibbets. Kutoka kwa hiyo miche ndio macho yakakatwa, yakagraftiwa, na miti iliyotoka hapo ikakatwa macho tena, hivyo hivyo mpaka ikaenea dunia nzima. Kila Navel unayomenya, hata ile ya Machakos, ni kipande cha huo mti mmoja. Na mti mmoja wa Eliza bado uko hai mjini Riverside. Mwaka wa 1918 mizizi yake ilikuwa inaoza, so wataalamu wakapanda miche mipya pembeni yake na kuiunga kwa shina, yaani wakaupatia miguu mipya ukiwa bado umesimama. Ukiskia mtu akisema kugrafti ni uchawi wa kisasa, mwambie uchawi huo una nywele nyeupe.

Pixie pia ni mtoto wa Riverside. Ilizalishwa kwa Chuo Kikuu cha California na ikatolewa kwa wakulima 1965. Na by the way, pixie si chungwa, ni chenza. Hata wanaoiuza hawapendi kuambiwa.

Mti wa chini ndio unabeba stori yote

Watu wakienda kununua huuliza tu, "Ni pixie?" Hakuna anayeuliza imekaa juu ya nini. Hapo ndio tunachezwa.

Kenya miche mingi imekaa juu ya limau pori, lile la ngozi mbovu yenye vinundu, wenyewe kwa nasari huliita rafu lemon. Liko na sababu zake. Mizizi yake inaenda chini na inaenda mbali, inavumilia kiangazi, inapenda mchanga kama wa Ukambani na Pwani, na mti unakua mbio. Ubaya wake ni mbili. Haupendi maji yaliyosimama, juu kuna ukungu wa mizizi unaitwa Phytophthora, ukishika, shina linaanza kutoa gundi pale chini na mti unakufa polepole. Pia matunda huwa makubwa lakini utamu unapungua kiasi. Kama shamba lako ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji, uliza miche iliyo juu ya Carrizo. Hazipatikani kila mahali, lakini nasari inayojielewa itakuelewa ukiuliza. Na ile isiyojua unaongea nini, ushapata jibu lako.

Kuna mti mmoja wa chini wa kuogopa, nao ni mdanzi, ule wa machungwa machungu. Watu wa Pwani wanajua danzi vizuri, linaingia kwa achari. Zamani duniani kote mdanzi ndio ulikuwa mti wa chini wa kuaminika. Halafu kuanzia miaka ya 1930 ikaingia virusi inaitwa tristeza kule Argentina na Brazil, na miti ikafa kwa mamilioni. Virusi hiyo inasambazwa na vidukari na pia na macho ya kugraftia. Machungwa yaliyokaa juu ya mdanzi yakipata hiyo kitu hukauka kama yamemwagiwa petroli. Limau pori linaivumilia. So mtu akikuambia ati amegraftia juu ya mdanzi, hata akikuuzia nusu bei, shukuru na usonge.

Mahali pa kutoa miche

Anza na KALRO, hao ndio watafiti wa serikali. Pwani wako Mtwapa na Matuga, Ukambani wako Katumani na Kiboko, na wa matunda wenyewe wako upande wa Thika. Pale Juja, chuo cha JKUAT pia huuza miche ya matunda. KEFRI Muguga wanajulikana kwa miti ya mbao lakini matunda nayo wamewahi kuwa nayo. Hizi sehemu zina shida moja tu: mvua ikinusa, miche inaisha. Wewe piga simu miezi mitatu minne kabla, weka oda yako, ama utafika upate masanduku matupu na mlinzi anayekuonea huruma.

Baada ya hapo kuna nasari za watu binafsi. Ziko nyingi, na Makueni ziko kila kona. Kisheria nasari ya matunda inafaa kuandikishwa na HCD, ile idara ya mazao ya bustani, na KEPHIS ndio huangalia afya ya mimea. Usiogope kuitisha cheti. Mwenye yuko nacho atakuonyesha hata kabla umalize sentensi. Halafu uliza hii swali moja: "Macho umeyatoa kwa mti gani, na naweza kuuona?" Nasari poa iko na miti yake mama, imewekwa alama, na wanakupeleka hapo unaigusa. Kama ni ya msimu, unaonja tunda. Hilo ni bora kuliko cheti chochote.

Bei sitakuandikia hapa juu inabadilika kila msimu na kila kaunti. Jua tu mche wa grafti unagharimu zaidi ya mwaka kuutengeneza, kwa hivyo ukiuziwa bei ya sukuma wiki, basi umeuziwa sukuma wiki.

Na tafadhali, msee wako akiwa anatoka Dubai ama Kampala usimwambie akufichie matawi kwa begi. Mimea ikiingia nchini inataka kibali cha KEPHIS. Hilo tawi linaweza kubeba ugonjwa wa kumaliza kijiji chote cha shosh.

Kumjua mwenye anakubeba ufala

Shika mche, angalia shina kutoka kwa udongo kwenda juu. Kama sentimita 15 mpaka 30 hivi, unafaa kukuta mahali shina limejikunja kidogo kama goti. Hapo ndio jicho lilibandikwa. Juu ya goti na chini ya goti ngozi huwa tofauti, rangi ama mistari. Ukikuta shina limenyooka kama rula kutoka chini mpaka juu, hiyo ni mbegu.

Wajanja wanajua unatafuta kovu. So wanachukua kisu, wanakwaruza mche wa mbegu, wanafunga tepu ya plastiki juu. Dawa yake ni kuomba tepu ifunguliwe. Kovu la kukwaruzwa liko kwa ngozi tu na shina linaendelea moja kwa moja. Grafti ya ukweli, shina la zamani limekatwa juu kidogo ya kiungo na kisiki chake kinaonekana, na tawi lililoko limetokea ubavuni. Hiyo ubavuni ndio siri. Haiwezi kuigizwa na kisu.

Halafu vunja jani moja, lifikiche, linuse. Jani la limau linanuka limau. Kama unanunua pixie na mkono wako unanuka chai ya dawa, rudisha mche pole pole.

Mwambie akutolee mmoja kutoka kwa karatasi. Mizizi inafaa kuwa myeupe ama ya manjano na inayosambaa. Ikiwa imejizungusha chini kama waya wa simu ya zamani, mche umezeekea hapo na utateseka shambani. Ikiwa nyeusi, inateleza na ngozi inatoka ukivuta, huo ni ukungu wa mizizi, na usinunue hata mwingine kutoka kwa hicho kitalu.

Mwisho geuza majani. Ukiona vishimo vidogo chini na vinundu juu kama ngozi ya mtu anayeskia baridi, mdudu wa citrus greening ashapita hapo. Huyo tutamrudia, na si kwa uzuri.

Ama ujigraftie mwenyewe

Kama unataka miche mia mbili na doo ni ya miche hamsini, hii ndio njia. Inataka uvumilivu tu na kisu kikali. Kuna vijana Makueni hii ndio kazi yao, wanaitwa nasari hadi nasari na kulipwa kwa kila jicho linaloshika, na mwenye mkono mzuri hakosi simu.

Unaanza na mbegu za limau pori. Tafuta matunda yaliyoiva mtini, si yaliyooza chini. Kata ngozi tu ukizunguka, halafu yapinde yafunguke, usikate mbegu. Osha mpaka ule utelezi uishe, na zile zinazoelea tupa. Nasari zinazojali hutia mbegu kwa maji ya nyuzi joto 52 kwa dakika 10, halafu kwa maji baridi, kuua ukungu. Hiyo inataka kipimajoto. Ukikisia kwa kidole utapika mbegu. Zianike kivulini siku moja hivi. Usiziweke juani na usiziweke kwa droo miezi sita. Mbegu ya jamii ya machungwa ikikauka kabisa imekufa, haiko kama ya mahindi.

Panda sentimita moja ama mbili chini, kwa mchanganyiko mwepesi wa udongo wa msituni, mchanga na mbolea iliyooza sawasawa. Wiki tatu hivi zinatoka. Hapa kuna kitu kitakushangaza: mbegu moja inaweza kutoa miche miwili, mitatu. Usidhani umebarikiwa. Kwa limau pori, mingi ya hiyo miche haikutokana na chavua, imetokana na mwili wa mama, so inafanana naye kabisa. Hiyo ndio unataka, juu mizizi yote itakuwa sawa. Ile michache inayotofautiana, mifupi sana, mirefu sana ama yenye majani ya ajabu, ng'oa. Ukihamishia kwa karatasi ikiwa na urefu wa kalamu, ng'oa pia yote yenye mzizi uliojipinda kama shingo ya bata. Inauma kutupa, najua. Mti wenye mzizi uliopinda hautakuwa mti.

Miezi sita mpaka tisa baadaye shina limefika unene wa penseli. Sasa uko tayari.

Macho unayatoa kwa mti mama ambao umeuona ukizaa, wenye afya, tena zaidi ya msimu mmoja. Kata matawi yaliyokomaa kiasi, ya mviringo, kijani yenye mistari myeupe imeanza. Tawi changa la juu kabisa lina pembe tatu, hilo liache. Kata majani papo hapo lakini bakisha kikonyo kidogo cha kushikia. Funga matawi kwa gazeti lililolowa kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, weka kivulini. Kwa friji yanakaa wiki kadhaa, lakini si kwa sehemu ya barafu. Na andika jina! Pixie na Valencia zikishakatwa majani zinafanana kama mapacha, na utakuja kujua tofauti baada ya miaka mitatu.

Siku ya kazi, angalia kwanza kama ngozi ya mche inateleza. Kata kidogo, inua kwa ncha ya kisu. Ikibanduka bila kurarua, endelea. Ikikataa, mche una kiu ama kuna baridi, mwagilia na usubiri. Kiambu mwezi wa saba utapambana bure.

Kwa kimo cha sentimita 20 hivi, chora herufi T kwa ngozi tu, ule mkato wa kusimama uwe kama sentimita 3. Kwa sehemu za mvua, T igeuzwe kichwa chini ili maji yasiingie. Sasa chukua tawi la macho, anza kukata sentimita moja chini ya jicho, kisu kipite chini yake polepole kama unamenya embe, kitokee sentimita moja juu. Umepata kangao kadogo kenye jicho katikati. Usikaguse upande wa ndani, jasho la kidole linaharibu. Fungua mdomo wa T, teleza hako kangao ndani, jicho likiangalia juu. Jicho likiangalia chini litashika, ndiyo, lakini litakua likiwa limechanganyikiwa. Funga na tepu ya plastiki laini, kutoka chini kwenda juu, kaza, funika na jicho lenyewe. Kutoka kukata mpaka kufunga isizidi dakika moja, upepo ukipiga hicho kidonda kimekauka.

Kisu kipanguswe na spiriti ama maji ya jik kila ukitoka mti mama mmoja kwenda mwingine. Tristeza haina miguu, lakini huwa haikosi lifti.

Baada ya wiki mbili tatu fungua. Jicho kijani, umeshinda. Jicho la kahawia, limekufa, geuza mche ujaribu upande wa pili. Mara yako ya kwanza utaua mengi, hata usishtuke. Fanyia mazoezi kwa matawi ya kutupwa kabla uguse miche.

Kwa yaliyoshika, kata shina theluthi mbili, sentimita 5 ama 7 juu ya jicho, upande ule ule wa jicho, halafu lipinde lilale. Majani yake yanaendelea kulisha mizizi, na jicho linaamka juu sasa ndilo limebaki kileleni. Likifika sentimita 20 na kitu, kata shina la zamani kabisa. Miezi minne mpaka sita baada ya kugrafti, mche uko tayari kwenda shamba.

Shambani

Shimo la sentimita 60 kila upande, mapema kabla ya mvua. Udongo wa juu weka kando, wa chini weka kando yako nyingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza, rudisha huo kwanza. Kwa nafasi ya mita 5 kwa 5, ekari inaingia miche kama 160. Kuna wenye hubana mita 4 kwa 4 wapate 250, halafu baada ya miaka kumi hawawezi kupita kati ya miti kuchuma.

Kitu cha muhimu zaidi hapa: usizike kiungo. Lile goti libaki juu ya udongo kabisa, kiganja kizima. Likizikwa, sehemu ya juu inaota mizizi yake, na ile nguvu yote uliyolipia ya mti wa chini imepotea, tena ukungu unapata mlango. Boji la nyasi weka, ila liache nafasi kuzunguka shina. Kiangazi, ndoo moja mara mbili kwa wiki kwa mche mchanga ni bora kuliko kikombe kila siku.

Ukipata viwavi kwa majani vinavyofanana na kinyesi cha ndege, ni kinyesi chenye miguu. Hao ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano, mche mchanga wanaumaliza siku mbili. Watoe tu kwa mkono. Watatoa pembe nyekundu zenye harufu kukutisha, usijali.

Kama unapanda Pwani, jua pia chungwa la huko linaweza kuiva likiwa bado kijani. Rangi ya chungwa inataka usiku wa baridi. Usisubiri igeuke, utasubiri mpaka lioze.

Greening

Sasa ile habari mbaya. Citrus greening ni bakteria inayoziba mishipa ya mti. Ile ya Afrika inasambazwa na kadudu kanaitwa Trioza, kanapenda sehemu za baridi za juu, ndiyo maana machungwa ya milimani yaliisha na watu wakasema ni udongo. Sasa hivi hata mdudu wa Asia, ambaye hapendi baridi na yuko sawa kwa joto, ashafika Afrika Mashariki. Kwa hivyo hakuna cha kusema "kwetu ni joto, tuko salama."

Mti ukishaambukizwa hauna dawa. Majani yanageuka manjano kwa madoa, lakini angalia vizuri: kwa greening, nusu moja ya jani haifanani na nusu ya pili. Kama manjano inalingana kushoto na kulia, hiyo mara nyingi ni njaa ya madini kama zinki, na inatibika. Matunda ya greening ni madogo, yamekaa upande, machungu, na mbegu zake zimekauka. Mti kama huo unang'olewa na kuchomwa, hata kama ni mkubwa, hata kama ni wa marehemu guka. Na jicho lililokatwa kwa mti mgonjwa linabeba ugonjwa ndani, so mti mmoja unaweza kuharibu miche mia tano kabla mtu ajue. Hii ndiyo sababu nimekusumbua na habari ya mti mama toka mwanzo.

Limau linaweza kurudi

Ata ukinunua grafti ya ukweli, bado unaweza kuishia na limau. Mti wa chini haujafa, umelala tu. Kila mvua utajaribu kutoa vichipukizi chini ya goti, na vitakua mbio kushinda pixie yako, na mwenye hajui ataviona na kusema mti umenawiri. Kila mwezi miaka miwili ya kwanza, mtu apite ang'oe kila kitu kinachotoka chini ya kiungo, kwa mkono, kikiwa bado laini. Ukikata na panga vinarudi vikiwa viwili. Matunda ya mwaka wa kwanza pia yatoe yakiwa madogo, mti ujenge mwili kwanza.

Na kama hauko ushago, mwenye yuko huko afundishwe kuliona hilo goti, afunge kakamba hapo kama alama. Halafu mfanye boma la miiba kuzunguka kila mche. Mbuzi wa jirani akipita akale sehemu ya juu mpaka kwa kiungo, mche utachipuka tena vizuri kabisa, majani mengi, kijani, shosh atakupigia simu akiwa na furaha. Hapo mwambie alifikiche jani moja, alinuse.